Jinsi ya Kusoma Utabiri wa Dhoruba ya Theluji Milimani Kabla ya Kupanda I-70, Colorado: Mwongozo Kamili

Kila majira ya baridi yanapoanza, malalamiko huwa yaleyale. Mtu ametazama simu yake asubuhi akiwa Aurora, kando ya Denver, ameona jua na nyuzi 41 za Farenhaiti, ameondoka kwenda hotelini anakofanya kazi Vail, na baada ya muda mfupi amekwama kwenye foleni chini ya handaki la Eisenhower huku theluji ikifunika vioo. Anaamini kwamba utabiri umemdanganya. Mara nyingi utabiri ulikuwa sahihi kabisa, ila yeye alisoma utabiri wa mahali ambapo hakuwa anakwenda.

Mwongozo huu ni kwa dereva wa gari dogo na wa lori anayevuka Milima ya Rocky kati ya Denver na Vail kwa barabara kuu ya I-70. Anayesafiri Utah, Wyoming au Washington anaweza kuufuata pia, isipokuwa majina ya ofisi na vimo vya milima vitabadilika.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Tovuti ya weather.gov. Hii ni ya National Weather Service, idara ya serikali ya Marekani inayotoa utabiri bila malipo. Ofisi yake ya Boulder huhudumia Denver na milima ya upande wa mashariki mpaka Wilaya ya Summit, na ofisi ya Grand Junction huhudumia Vail na upande wa magharibi. Programu iliyokuja na simu haitoshi, kwa sababu hutoa tarakimu moja ya mji mzima bila kukueleza inahusu mwinuko gani.

Tovuti ya COtrip.org, au simu namba 511. Hapo idara ya barabara ya Colorado huonyesha kamera, sehemu zilizofungwa na amri za kufunga cheni za tairi.

Daftari na kalamu. Wengi hulidharau daftari, lakini bila kuandika huwezi kujua kama utabiri wa leo umepanda au umeshuka ukilinganishwa na wa jana, na mabadiliko hayo ni habari muhimu kama tarakimu zenyewe.

Vifaa vya ndani ya gari. Blanketi, maji, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi, sepeto, chaja ya simu, glavu na cheni za tairi. Sepeto tutalirudia katika hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Chagua nukta tatu, si mji mmoja

Usiandike "Vail" kisha ukaridhika. Jina la mji hukupa utabiri wa mjini, ambako ni futi 8,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara yako inapita Vail Pass, kipito (mahali barabara inapovukia mlima) chenye futi 10,662, yaani zaidi ya meta 3,200. Handaki la Eisenhower liko juu zaidi, futi 11,158 kwenye mlango wake wa magharibi. Denver yenyewe iko kwenye futi 5,280.

Kwa wastani joto hupungua nyuzi 3.5 za Farenhaiti kwa kila futi 1,000 unazopanda. Tofauti ya futi 2,500 kati ya mji wa Vail na kipito chake ni takriban nyuzi 9, na nyuzi 9 zinatosha kugeuza manyunyu kuwa theluji, au lami iliyoloa kuwa barafu.

Andika jina la mahali kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha teremka kwenye ramani ndogo ya ukurasa na ubonyeze mahali barabara inapovuka kilele. Fanya hivyo kwa nukta tatu: unakoanzia, handaki la Eisenhower na Vail Pass. Ikiwa unakwenda mbali zaidi, ongeza unakoishia.

Tahadhari. Kanuni ya joto kupungua kwa mwinuko huvunjika asubuhi tulivu zenye anga safi, ambapo hewa baridi hulala bondeni na mji wa chini ukawa baridi kuliko kilele. Kwa hiyo kanuni hii isichukue nafasi ya kubonyeza ramani.

Utajua umefanikiwa ukiona mwinuko ulioandikwa kwenye ukurasa wa kila nukta unakaribiana na mwinuko wa barabara. Ukibonyeza kipito ukaona futi 9,000, umebonyeza pembeni. Jaribu tena, kisha hifadhi kurasa hizo kwenye simu.

## Hatua ya 2: Geuza vipimo, saa na siku

Vipimo ni vyepesi. Inchi 1 ni sentimeta 2.54, kwa hiyo inchi 12 ni sentimeta 30 na ushei. Maili 35 kwa saa ni kilometa 56. Nyuzi 32 ndipo maji yanapoganda, na nyuzi 10 ni sawa na 12 chini ya sifuri katika Selsiasi.

Saa ndizo zinazowaponza Waswahili. Onyo likisema linaanza "5 AM", hiyo ni saa 11 alfajiri, na "11 AM" ni saa 5 asubuhi. Nimewahi kusoma ujumbe katika kundi la madereva uliosema dhoruba itaanza saa 5 asubuhi, ilhali aliyeutuma alikuwa ameichukua "5 AM" kama ilivyo. Waliomwamini walichelewa kuondoka kwa saa 6 nzima.

Siku nazo zina mtego wake, na mtego huu hauonekani kwa urahisi. Kwa mazoea yetu ya kuhesabu siku tangu jua kuchwa, wengi wakisema "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Katika utabiri wa Marekani, "Friday Night" ni kipindi cha kuanzia saa 12 jioni ya Ijumaa hadi saa 12 asubuhi ya Jumamosi. Unapomweleza mwenzako, sema "usiku wa kuamkia Jumamosi", nawe utakuwa umeondoa shaka yote.

Kuna pia saa zinazoandikwa na herufi Z, kama 12Z au 18Z, ambazo utazikuta katika hatua ya 6. Hizo ni saa za kimataifa. Colorado wakati wa baridi iko nyuma yake kwa saa 7, lakini sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato: toa 1 tu. 12Z inakuwa saa 11 alfajiri. 18Z ukitoa 1 ni 17, yaani saa 5 asubuhi. 06Z ni saa 5 usiku, na 00Z ni saa 11 jioni ya siku iliyotangulia. Katikati ya Machi saa zinaposogezwa mbele, njia hii inakuwa rahisi zaidi, kwa kuwa hutoi chochote: 12Z ni saa 12 asubuhi.

## Hatua ya 3: Pambanua aina za onyo

Juu ya ukurasa wa nukta yako, ikiwa kuna hatari, utaona maandishi ya kubonyeza. Hapa tafsiri za simu huharibu mambo, kwa sababu huyaita yote "tahadhari", ilhali kila jina lina uzito wake.

Winter Storm Watch maana yake ni kwamba hali za dhoruba kubwa zinaweza kutokea, lakini bado hakuna uhakika wa kutosha. Hutolewa mapema, mara nyingi siku 1 hadi 3 kabla. Huu ndio wakati wa kubadilisha zamu kazini au kumwarifu msimamizi wa mizigo, maana baadaye wenzako wote watakuwa wanaomba hivyohivyo.

Winter Storm Warning maana yake ni kwamba dhoruba kubwa inatarajiwa kwa uhakika mkubwa, au imekwisha kuanza. Wapo wanaodhani kwamba Watch ni kali kuliko Warning kwa kuwa ilitangulia. Ni kinyume chake.

Winter Weather Advisory ni kwa theluji isiyofikia kiwango cha dhoruba kubwa. Neno hilo lisitafsiriwe kuwa ushauri wa kupokea au kuacha, kwa kuwa inchi chache kwenye mteremko wa Vail Pass zinatosha kulilaza lori.

Blizzard Warning haihesabu inchi hata kidogo. Hutolewa pale upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi unapotarajiwa pamoja na theluji inayoanguka au kupeperushwa, na uwezo wa kuona ukashuka chini ya robo maili, meta 400 hivi, kwa saa 3 au zaidi. Inaweza kutolewa hata kama theluji mpya ni kidogo, kwa kuwa upepo huinua ile iliyolala chini.

Snow Squall Warning hulia kwenye simu ghafla, kwa ajili ya theluji kali ya muda mfupi inayofunga macho kwa dakika chache. Ikikukuta kabla ya kuingia barabara kuu, usiingie. Ikikukuta ndani yake, punguza mwendo taratibu na utoke kwenye njia ya kutokea iliyo karibu. Usifunge breki katikati ya barabara, kwa kuwa aliye nyuma yako hakuoni.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja daftarini yenye aina ya onyo, eneo, saa ya kuanza na saa ya kuisha, vyote kwa Kiswahili.

## Hatua ya 4: Hesabu theluji, kisha hesabu kasi yake

Ukurasa wa nukta hugawa siku vipande viwili vya saa 12, na kila kipande kina inchi zake. Watu husoma kipande cha kwanza na kuishia hapo. Tuseme, kwa mfano, Alhamisi mchana imeandikwa inchi 2 hadi 4, usiku wa kuamkia Ijumaa inchi 5 hadi 9, na Ijumaa mchana inchi 1 hadi 3. Jumla ni inchi 8 hadi 16, na hiyo ndiyo dhoruba yako, si zile 2 hadi 4 ulizoziona kwanza.

Baada ya jumla, fungua grafu ya saa kwa saa, ambayo iko upande wa kulia chini ya ramani na huitwa "Hourly Weather Forecast". Itafute saa ambayo theluji imerundikana. Inchi 6 zinazoanguka taratibu kwa saa 12 zinaweza kusafishwa na magari ya kusukuma theluji. Inchi hizohizo zikishuka kwa saa 4 huyashinda. Mimi huchukua inchi 1 kwa saa kuwa mpaka wangu. Ikizidi hapo, mistari ya barabara haionekani tena, magari ya kusukuma theluji yenyewe hukwama kwenye foleni ya magari yaliyoteleza, na ustadi wa dereva haumsaidii sana akiwa nyuma ya waliokwama.

Asilimia nazo husomwa vibaya. "Chance of precipitation 60%" haimaanishi kwamba theluji itaanguka kwa asilimia 60 ya siku, wala kwamba itakuwa ya wastani. Ni uwezekano wa kwamba nukta yako itapata angalau kiasi kidogo kinachopimika, inchi 0.01 ya maji. Asilimia 100 inaweza kuwa ya theluji ya nusu inchi.

Kipindi cha baridi, kurasa za ofisi za Boulder na Grand Junction hutoa pia ramani za uwezekano zenye viwango vitatu: cha chini, cha kutarajiwa zaidi na cha juu. Kiwango cha chini ni kile ambacho kuna nafasi 9 kati ya 10 kitapitwa. Cha juu kina nafasi 1 tu kati ya 10 ya kupitwa. Mimi hupanga safari kwa kiwango cha kutarajiwa na hupakia gari kwa kiwango cha juu. Viwango hivyo vikiwa mbalimbali sana, kwa mfano inchi 2 chini na inchi 18 juu, usimlaumu mtabiri: anakwambia waziwazi kwamba dhoruba bado haijaamua njia yake.

## Hatua ya 5: Uliza upepo unatoka wapi

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayofafanua mengi. Hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda mlima hupoa, na ikipoa huachia maji yake kama theluji. Ikishuka upande wa pili hupata joto na kukauka. Kwa hiyo mlima mmoja huwa na upande unaozikwa na upande unaoona jua, na mwelekeo wa upepo ndio unaoamua ni upi.

Upepo ukitoka kaskazini-magharibi, huupanda mlima kutoka upande wa Steamboat na Vail. Huko theluji huanguka kwa wingi, na mara nyingi huendelea kwa manyunyu saa nyingi baada ya dhoruba yenyewe kupita, hata baada ya onyo kuisha muda wake. Denver wakati huo inaweza kuwa na jua na upepo mkavu. Huyu ndiye yule msafiri wetu wa nyuzi 41.

Mambo hugeuka pale mgandamizo mdogo wa hewa unapopita kusini-mashariki mwa Colorado. Upepo huuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, hivyo hewa nyevu hutoka mashariki na kupanda kuelekea milimani. Sasa Denver, Evergreen na Idaho Springs ndizo zinazozikwa, na Vail inaweza kupata kidogo tu. Anayetoka Vail kwenda uwanja wa ndege wa Denver siku kama hiyo huondoka kwa amani na kukutana na tatizo anapokaribia kufika.

Tazama mwelekeo na kasi ya upepo kwenye grafu ileile ya hatua ya 4, kwenye nukta ya kipito. Upepo pia huondoa joto mwilini: nyuzi 0 za Farenhaiti zikiwa na upepo wa maili 15 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 19 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Lijue hilo kabla hujashuka kufunga cheni bila glavu.

## Hatua ya 6: Soma maelezo ya watabiri wenyewe

Mara kadhaa kwa siku kila ofisi huandika maelezo yanayoitwa "Forecast Discussion", ambayo kiungo chake kiko chini ya ukurasa wa nukta. Humo watabiri hueleza sababu za tarakimu zao na mahali wanapoona shaka. Lugha yake ni ya kifundi, lakini huhitaji kuielewa yote. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni neno "confidence", yaani uhakika wao, kama ni "low" au "high". La pili ni saa za kilele, ambazo huandikwa kwa Z. Zigeuze kwa njia ya hatua ya 2. La tatu ni neno QPF, ambalo ni kiasi cha maji, si cha theluji. Msomaji akiona QPF ya inchi 0.8 hudhani theluji ni chini ya inchi moja, na hapo ndipo hukosea kabisa. Theluji ya milima ya Colorado ni kavu na nyepesi: inchi 1 ya maji mara nyingi hutoa inchi 15 za theluji au zaidi. Inchi 0.8 za maji, basi, zinaweza kuwa inchi 12.

Soma ya jioni, kisha ya asubuhi. Zikiwa zinakubaliana na tarakimu hazijasogea, una msingi wa kuamua. Zikiwa zimepanda mara mbili mfululizo, tarajia kwamba zinaweza kupanda tena.

## Hatua ya 7: Linganisha na barabara

Fungua COtrip na utazame kamera za handaki na za Vail Pass. Kamera haitabiri, lakini hukuonyesha kama dhoruba imewahi au imechelewa.

Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, kati ya Dotsero na Morrison, maili ya 133 hadi ya 259, malori ya biashara lazima yabebe cheni hata siku ya jua kali. Gari dogo linatakiwa kuwa na kashata za tairi zenye kina kisichopungua inchi 3/16, karibu milimeta 5, pamoja na tairi za theluji au zenye alama ya M+S (tope na theluji), au mfumo wa kuendesha magurudumu yote; likikosa hayo, libebe cheni au vifaa vinavyokubalika badala yake.

Malori ya mafuta na mizigo mingine hatari kwa kawaida hayapiti handakini, bali hupanda Loveland Pass yenye futi 11,990. Dereva wa lori kama hilo achague nukta ya Loveland Pass katika hatua ya 1, kwa sababu kipito hicho hufungwa haraka kuliko handaki, wakati mwingine kwa ajili ya kuangusha kwa makusudi maporomoko ya theluji yaliyo juu ya barabara.

## Hatua ya 8: Andika saa ya kuondoka na mahali pa kugeuzia

Sasa andika mambo mawili kabla ya kuwasha gari. Saa ya mwisho ya kuondoka: ikiwa theluji nzito inaanza kwenye kipito saa 8 mchana, nawe unahitaji saa mbili kufika na nyingine moja ya foleni, basi ikifika saa 5 asubuhi nawe bado uko nyumbani, safari imeahirishwa. Na mahali pa kugeuzia: ukipanda kutoka Denver, Idaho Springs na Georgetown ziko kabla ya handaki, Silverthorne na Frisco ziko baada ya handaki na kabla ya Vail Pass. Ukishapita Copper Mountain kuelekea kipitoni, ni vigumu kugeuza.

Yaandikwe ukiwa nyumbani, kwa sababu ukiwa barabarani, bosi akipiga simu, utajishawishi kwamba mbele kunapitika.

Ukikwama licha ya yote hayo, baki ndani ya gari. Washa injini kwa vipindi vifupi, na kila kabla ya kuiwasha chukua sepeto uondoe theluji kwenye bomba la moshi, kwa kuwa bomba likizibwa, hewa ya sumu isiyo na harufu huingia ndani na kuua waliolala. Fungua kioo kidogo upande usiopigwa na upepo.

Ukifika salama, andika daftarini tarakimu zilizotabiriwa, mwelekeo wa upepo, na hali uliyoikuta kwenye kila nukta. Baada ya dhoruba tano au sita utaanza kuona mambo ambayo hakuna tovuti itakayokwambia: kwamba kwa upepo fulani foleni yako huanzia Georgetown, na kwa upepo mwingine unaweza kupita mpaka Frisco bila kugusa breki.